Ukitoka naiti: ulale asubuhi au ungoje alasiri?

Kwa miaka mitatu mimi na dada yangu tulipanga chumba kimoja Pipeline, huku Embakasi, Nairobi, ghorofa ya nne, na sote tulikuwa watu wa kazi ya usiku. Yeye ni muuguzi. Mimi nilikuwa nikipokea simu za wateja wa ng'ambo katika ofisi iliyo kando ya Barabara ya Mombasa. Asubuhi tulikutana mezani, tukanywa chai, halafu kila mtu akashika njia yake. Dada alivuta pazia na kabla ya saa mbili unusu alishalala usingizi wa pono. Mimi nilifua, nikapandisha nguo juu ya paa kuzianika, nikashuka kwa mama mboga, nikaingia kitandani saa sita mchana.

Kila mmoja alimwona mwenzake anajiumiza. "Utaanguka barabarani, mdogo wangu," aliniambia nikichukua kikapu kwenda nje. Nami nilimtazama akiamka saa saba mchana bila kengele ya simu, macho mekundu, akizungukazunguka chumbani saa tano nzima kabla ya kwenda kazini, na tayari amechoka.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu majirani wengi huniuliza lile lile: bawabu anayetoka saa kumi na mbili, kijana wa kiwanda cha mikate, mama anayefanya usafi kwenye uwanja wa ndege. Nilale lini? Basi nitaziweka njia mbili kando kwa kando, pamoja na ile ya tatu ya kugawa usingizi, nikianza na kinachotokea mwilini, maana bila hicho mtu huchagua kwa kuiga jirani.

Usingizi huletwa na vitu viwili. Cha kwanza ni uzito unaojilimbikiza tangu ulipoamka. Ubongo ukifanya kazi huacha kemikali inayoitwa adenosini, na kadiri unavyokesha ndivyo inavyozidi, hadi kope zinakataa kusimama. Chai na kahawa haziiondoi. Kafeini huziba tu mahali inapobisha hodi. Cha pili ni saa ya mwili, fungu la seli kama 20,000 lililo ndani ya ubongo, juu tu ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana. Saa hii hufuata mdundo wake hata ukikaa pangoni. Charles Czeisler na wenzake wa Harvard waliipima mwaka 1999 wakaona kwamba, kwa wastani, mzunguko wake hupita saa 24 kwa dakika kumi na kitu. Ndiyo maana huhitaji kurekebishwa kila siku, na kinachoirekebisha zaidi ya kitu kingine chochote ni nuru.

Jichoni mna seli ambazo kazi yake kubwa ni kumwambia ubongo kama ni mchana au usiku. Zina melanopsini, protini inayohisi nuru, nazo husisimka zaidi kwa nuru ya samawati, ya karibu nanomita 480, rangi ya mbingu isiyo na mawingu. Jua likitua na taa zikififia, tezi ya pinali iliyo ubongoni huanza kumwaga melatonini, homoni ya usiku, kama saa mbili kabla ya muda ambao umezoea kulala. Homoni hiyo ilitambuliwa na Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1958. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba nuru kali, ya luksi 2,500 (luksi ni kipimo cha nuru), inaweza kuizima kwa binadamu katikati ya usiku. Baadaye ilibainika kwamba hata kiasi hicho hakihitajiki: watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2011 kuwa taa za kawaida za chumbani, zisizofika luksi 200, zilifupisha muda wa melatonini kwa kama saa moja unusu zikiwashwa jioni hadi wakati wa kulala. Sasa linganisha na nje. Siku ya mawingu ya Julai, ile baridi yetu inayotufanya tuvae makoti, bado kuna maelfu ya luksi. Jua likiwaka wazi hufika 100,000.

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na miji ambayo ushauri mwingi wa usingizi umeandikiwa. Tuko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na urefu wa mchana haubadiliki hata dakika 15 kutoka Juni hadi Desemba. Ndiyo saa yetu ya Kiswahili yenyewe: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya nuru, na seli zile za ubongoni huhesabu vivyo hivyo. Mlinzi wa London hutoka kazini mwezi Desemba akarudi nyumbani gizani. Wetu hukutana na jua getini kila siku ya maisha yake.

Na jua hilo lina kazi yake. Kwa mtu aliyezoea kulala usiku, joto la mwili hufika chini kabisa karibu na saa kumi alfajiri. Nuru kali kabla ya hapo huichelewesha saa ya mwili. Nuru baada ya hapo huiwahisha, yaani huivuta irudi kwenye maisha ya mchana. Ukikesha usiku mzima ukijaribu kuwa mtu wa usiku, kisha ukatembea dakika 40 juani kuelekea stejini, asubuhi imefuta kilichojengwa usiku.

Kulala asubuhi kuna wema mkubwa mmoja: usingizi hauombwi. Umekesha, adenosini imejaa, ukigusa mto umeondoka. Chumba bado kina ubaridi, watoto wa ploti wako shuleni, makanga hawajachangamka sana. Tatizo linakuja saa sita au saa saba. Ule uzito umeshapungua nusu, na saa ya mwili, ambayo bado inaamini wewe ni mtu wa mchana, inapandisha joto na kukuamsha. Ndiyo sababu watu wengi wanaolala asubuhi hupata saa 5 au 6 tu, hata chumba kikiwa kimya kama kaburi. Dada hakuamshwa na kelele. Aliamshwa kutoka ndani.

Halafu kuna hesabu inayofuata, na hiyo ndiyo inayonitia hofu. Ameamka saa saba mchana. Zamu yake inaisha saa moja unusu asubuhi ya kesho yake. Akigawa dawa za alfajiri saa kumi na moja amekuwa macho saa 16, na akikabidhi wodi amepita saa 18. Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walipima jambo hili mwaka 1997: mtu aliyekesha saa 17 alifanya vipimo vya wepesi wa mkono na jicho kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe damuni, kiwango ambacho katika nchi nyingi huruhusiwi kushika usukani. Akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Mgonjwa wa saa kumi na moja alfajiri anastahili kitu bora kuliko hicho.

Kulala alasiri hugeuza hesabu hiyo. Dada huyo huyo akilala saa sita hadi saa kumi na moja jioni, saa zile zile 5, anakabidhi wodi akiwa amekesha saa 14 na nusu. Tena mwili una mteremko wake wa kawaida baada ya chakula cha mchana, kati ya saa nane na saa kumi, unaosaidia kushika usingizi. Lakini saa za kukesha hazikupungua. Zimehama tu, kutoka wodini hadi nyumbani. Asubuhi yote hiyo ya kungoja anakuwa mchovu kupindukia akiwa na jiko la gesi, kisu, barabara ya kuvuka, pengine mtoto mgongoni. Na kuna ukuta: ukichelewa ukataka kulala saa kumi na mbili jioni, hutapata hata lepe. Saa mbili tatu kabla ya melatonini kuanza ndizo saa ambazo mwili wa mtu wa mchana hukataa kulala kwa nguvu zote. Zaidi ya hayo, anayeamka na kutoka papo hapo hubeba uzito wa kuamka, ule ulegevu wa kichwa cha mtu aliyetoka tu usingizini, kwa nusu saa au zaidi. Asiguse kazi ya hatari kabla haujaisha.

Kwa muda mrefu nilidhani swali ni asubuhi au alasiri, nikimaanisha ipi ni bora kwa binadamu. Nilipoketi na ratiba zetu mbili mezani ndipo nilipoona tulichokuwa tukifanya. Dada alikuwa na usiku 4 mfululizo, kisha mapumziko, kisha zamu za mchana. Mimi nilikuwa na usiku 5 kila wiki, mwaka baada ya mwaka, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kila mmoja alikuwa amechukua mpango unaomfaa mwenzake.

Kwa mtu wa usiku 4 hakuna faida ya kuihamisha saa ya mwili. Huhama polepole, kama saa moja au mbili kwa siku, na ikianza kukubali tayari ni siku ya kurudi mchana. Afadhali ibaki pale ilipo. Kwa hiyo jua la asubuhi halimdhuru. Linamshikia saa yake mahali pake. Anaweza kufua, kuanika, kwenda sokoni, mradi si barabara ya hatari, halafu alale alasiri karibu na zamu. Usiku wa kwanza, ule ambao ameamka asubuhi kama watu wote, ndio anaohitaji zaidi usingizi wa alasiri, hata wa saa moja unusu. Watu wengi huingia zamu ya kwanza wakiwa wameshakesha saa 12, na hiyo nadhani ndiyo hatari inayopuuzwa kuliko zote.

Mimi wa usiku wa kudumu nilipaswa kuihamisha saa yangu, au angalau kuisogeza, na badala yake nilikuwa nikisimama juu ya paa saa tatu asubuhi nikianika shuka, nikiivuta irudi mchana kila siku. Miaka mitatu melatonini yangu ilikuwa ikipanda saa tisa usiku, nikiwa kwenye simu na mteja, na kutoweka nikiwa kitandani. Charmane Eastman na wenzake wa Chicago walijaribu mpango wa kati kwa kati ambao ninaupenda kwa sababu haumtaki mtu aachane na jamaa zake. Saa ya mwili inacheleweshwa mpaka joto la chini kabisa liangukie karibu na saa nne asubuhi, ndani ya usingizi wa mchana. Baada ya zamu mtu analala saa mbili unusu asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri. Siku za mapumziko analala saa tisa usiku hadi saa sita mchana, ili saa isirudi ilikotoka. Zamu inasindikizwa na vipindi vya nuru kali usiku, kabla ya alfajiri, na miwani ya giza njiani kurudi.

Hilo la saa sita mchana ni gumu kwa mwenye familia, na ni gumu zaidi Jumapili kwa anayekwenda ibada ya saa tatu. Mimi nilisogea hadi saa nane usiku siku za mapumziko, nikaamka saa nne asubuhi, na hata hivyo nilianza kulala saa 6 na nusu nzima baada ya zamu, kitu ambacho sikuwa nimekipata tangu niajiriwe. Nguo nilianza kufua saa kumi jioni, maana kwa saa iliyokwisha kucheleweshwa hivyo, jua la wakati huo ni breki inayoizuia isichelewe kupita kiasi.

Kuna njia ya tatu, ya mzee mmoja wa ghorofa ya chini, bawabu wa zamu ya saa kumi na mbili hadi kumi na mbili. Hulala saa mbili hadi saa sita, huamka kula na wajukuu, kisha hulala tena saa nane hadi saa tisa unusu. Nilimwonea huruma nikidhani hana usingizi wa maana. Nilikosea. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba usingizi uliogawanywa mara mbili humfaa mtu karibu sawa na wa mkupuo mmoja, ikiwa jumla ya saa ni ile ile, na kile kipande cha alasiri kinampunguzia saa za kukesha usiku. Kwa mwenye zamu ya saa 12 na safari ya saa moja kwenda na kurudi, sioni njia nyingine inayomtosha. Kasoro yake ni kwamba inamtegemea mtu wa nyumbani atakayelinda vipande vyote viwili visivunjwe, na akina mama mara nyingi hawana mlinzi huyo.

Nyumba nayo ina kura. Pipeline majengo yamesongamana hata mchana unawasha stima ndani. Kwa anayelala mchana hilo ni neema, kwa sharti atoke nje juani anapoamka. Aliye chini ya mabati, Mukuru au Kayole, asijidanganye na alasiri. Saa saba kumeshakuwa tanuri, na mwili hauwezi kuzama usingizini bila joto lake kushuka. Huyo achague asubuhi, au agawe. Aliye karibu na uwanja wa mahubiri au duka lenye spika anajua mwenyewe ni saa ngapi wanaanza. Pazia jepesi ni kama hakuna pazia. Blanketi zee lililopigiliwa misumari juu ya dirisha linashinda pazia zuri la maua.

Vidonge vya melatonini nitavisema kwa ufupi kwa sababu watu huvitarajia vifanye kazi ya giza. Melatonini ni mbiu inayotangaza usiku umeingia. Haimpigi mtu rungu akalala. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za wafanyakazi wa zamu, uliotolewa mwaka 2014 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, ulikuta kwamba kumeza baada ya zamu huenda kunaongeza usingizi wa mchana kwa kama dakika 24. Si haba, lakini pazia zito na simu iliyozimwa hazigharimu kila mwezi. Kipimo nacho ni utata: Kanada walipopima bidhaa 31 mwaka 2017, nyingi hazikuwa na kiasi kilichoandikwa, nyingine zikikizidi mara kadhaa. Nusu miligramu ikimezwa kwa wakati sahihi inaweza kusogeza saa ya mwili karibu sawa na miligramu 3; ikimezwa wakati usiofaa inaisogeza upande usioutaka. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au za kifafa wazungumze kwanza na daktari au mfamasia.

Kahawa na chai: acha nusu ya zamu ikifika. Nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi alfajiri bado imo mwilini saa tatu asubuhi.

Kama mwajiri anakupa nafasi ya kuchagua kati ya naiti ya kudumu na zamu za kuzunguka, tazama mzunguko unaelekea wapi. Ukienda asubuhi, kisha alasiri, kisha usiku, unafuata mwelekeo ambao saa ya mwili inaupenda, ule wa kuchelewa. Kiwanda kimoja cha madini huko Utah kilijaribiwa hivyo, matokeo yakachapishwa mwaka 1982: wafanyakazi waliozungushwa kwenda mbele, na kwa wiki tatu tatu badala ya moja, waliridhika zaidi na uzalishaji ukapanda. Mzunguko wa kurudi nyuma, usiku kisha alasiri kisha asubuhi, ukataeni kwa pamoja kama mna chama. Na kudumu usiku kwa miongo ni jambo la kufikiria kwa uzito. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya usiku mwaka 2007 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na mwaka 2019 likarudia hivyo hivyo.

Dada sasa hulala alasiri akiwa zamuni. Bado hapendi asubuhi zile ndefu, na namwelewa. Alichoniambia ni kwamba hesabu za dawa za alfajiri hazimlazimu tena kusoma chati mara tatu.

Jambo moja la miwani ya giza, kwa sababu nimeipendekeza hapo juu. Ni ya abiria wa matatu na ya mtembea kwa miguu, pamoja na kofia yenye ukingo. Mwenye bodaboda au gari asiivae akiwa anasinzia. Nuru ile ile inayoharibu usingizi wa baadaye ndiyo inayomweka macho njiani. Huyo afanye hivi: akabidhi zamu, aketi kwenye kiti cha mlinzi, aegemee ukuta, alale dakika 20, anawe uso, angoje uzito wa kuamka umtoke, ndipo awashe injini.